Nimekaimu miezi 14 bila posho mkanyamaza, leo nimethibitishwa mnasema nimebebwa

Wakuu, mniwie radhi, leo naandika nimevimba.

Nipo ghala la kampuni moja ya usambazaji hapa Dar, mwaka wa tisa huu. Msimamizi wetu alipoondoka nikaambiwa "shikilia hapo kwa muda". Muda wenyewe ukawa miezi 14. Posho ya kukaimu hakuna, ila kontena likiingia saa mbili usiku anayepigiwa simu ni mimi. Kuna siku tumeshusha mzigo mpaka saa saba umeme umekatika, simu nimeibana kwenye kwapa inimulikie, kalamu mkononi, mtoto ana homa kalala kwa jirani. Miezi yote hiyo sikusikia mwanaume hata mmoja akilalamika kwamba dada anapendelewa.

Nafasi ikatangazwa. Chini ya tangazo HR wakaweka ule mstari wao, "wanawake wanahimizwa kuomba". Tukaomba watano, wanaume wanne na mimi. Tukafanyiwa usaili, nikapata. Sasa watatu kati yao wamepeleka barua kwa uongozi kwamba wamebaguliwa kwa kuwa ni wanaume. Ushahidi? Mstari ule ule. Yaani kuhimizwa kuomba ndiyo kupewa!

Na sheria naijua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi wa jinsia, na haikusema jinsia ni ya kike tu. Kupandishwa cheo kumo humo. Mwanaume akinyimwa cheo kwa uanaume wake ana haki ileile niliyo nayo mimi, na akionyesha dalili za awali, mwajiri ndiye anatakiwa kuthibitisha kwamba hakubagua. Kifungu hicho hicho kinasema hatua za kuleta usawa kazini si ubaguzi. Hatua hizo ziishie wapi? Hapo tubishane, sina shida. Hata mimi nisingekubali asiyejua kusoma delivari noti apewe ghala ili picha za ripoti ya mwaka zipendeze. Basi waombe alama za usaili, wakiona wameonewa wajaze fomu waende CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, siku 60 za kupeleka malalamiko hazijaisha.

Hawaendi. Wanasemea kwenye chai. Juzi mmoja anawaambia wenzake, "Siku hizi ukitaka cheo vaa gauni." Mimi niko nyuma yake na kikombe. Wakacheka, akageuka akaniona, akaniuliza kama sukari imebaki.

Lakini aliyenichoma zaidi ni HR. Badala ya kuwajibu kwamba nimeongoza usaili, akatuma barua pepe kwa kampuni nzima: "Tunajivunia kuendelea kuwainua wanawake." Kuniinua! Nani kaniinua? Miaka tisa ya kuhesabu stoku imegeuka sadaka yao, na wale watatu wamepata cha kushika. Nimemfuata nikamwambia aandike alama. Kanijibu nisiwe na hasira, ni pongezi tu. Posho yangu ya miezi 14 nilipoiuliza, akasema ile ilikuwa "fursa ya kujifunza".

Sasa jana saa tano usiku, mmoja wa waliosaini barua, ambaye mfumo wa stoku nilimfundisha mimi, kanitumia ujumbe: "Dada, samahani kwa usumbufu, hesabu ya mwezi inagoma kufunga, nifanyeje?"

Nimeusoma. Tiki zimekuwa za bluu. Sijamjibu mpaka sasa.