Naomba ushauri: siku 4 Paris na mama mwenye goti bovu

Wakuu, habari zenu. Mwezi ujao nampeleka mama kutembea Paris, siku 4 tu. Goti linamsumbua, ngazi 10 tu, anashika ukuta anahema. Makumbusho ya Louvre hufungwa Jumanne, ya Orsay Jumatatu, basi ratiba imeshanivuruga kichwa. Yeye anachotaka hasa ni kanisa la Notre-Dame. Tangu lifunguliwe tena Desemba 2024, baada ya ule moto wa 2019, haniachi nipumue! Mnara wa Eiffel una lifti, huko sina wasiwasi. Kinachonitisha ni metro (treni za chini ya ardhi): vituo vingi ni ngazi juu, ngazi chini. Mliowahi kwenda na mzee, mlitumia mabasi au mlifanyaje? Na zile boti za mto Seine, kupanda ataweza kweli?