Canter ya zamani inapiga kelele chini: gia boksi, propela au difu? Naomba ushauri kabla sijatoa hela

Mvuvi wa Nchi Kavu

Mwangaluka wakuu. Nina Canter ya zamani, injini 4D33, nimeinunua kwa mtu hapa hapa Mwanza. Kazi yake ni kupakia dagaa Igombe na Kayenze kuleta Mwaloni, mara nyingine napata mzigo wa Magu. Injini haina neno, asubuhi inawaka bila kusumbua. Shida iko chini.

Nasikia kelele tatu. Nikiingiza gia na kuachia klachi inagonga "ko!" moja nzito, na nikitoka rivasi kuingia namba moja ndiyo inazidi. Nikitembea taratibu kwenye vumbi, dirisha wazi, kuna "kwi kwi kwi" inayokwenda na mwendo wa tairi. Ya tatu ndiyo inaninyima usingizi: kwenye lami, nikifika 50 hadi 70, mluzi mrefu unatokea nyuma. Nikikanyaga mafuta unapanda, nikiachia unakatika.

Fundi mmoja amesikiliza akiwa amesimama nje, gari halijatembea hata hatua, akasema gia boksi imekwisha nitafute nyingine. Hela ya gia boksi ndiyo ada ya watoto muhula huu, siwezi kuitoa kwa kubahatisha. Mliopitia haya nisaidieni.

Dereva wa Sirari

Mkuu, yangu ilikuwa na mluzi huo huo. Nikafunga gia boksi nyingine, ukaisha. Canter za umri huo gia boksi zimechoka, usipoteze muda kuifungua hiyo.

Fundi Igoma

Ndugu mwenye uzi, tulia kwanza, hela ibaki mfukoni.

Anza na kilicho rahisi. Gari limesimama, injini inaunguruma, weka nyutro, klachi umeiachia. Sikiliza. Halafu kanyaga klachi mpaka chini. Kama kulikuwa na kelele na imepotea ulipokanyaga, shuku beringi ya shafti inayoingia gia boksi. Kama kulikuwa kimya na kelele imeanza ulipokanyaga, hiyo ni riliz beringi, ile inayosukuma klachi. Pande zote mbili zikiwa kimya, nenda barabarani. Shika 60 ukiwa namba tano, kisha rudi namba nne, mwendo uwe ule ule wa 60. Injini itapanda sauti, hiyo iache. Wewe sikiliza mluzi. Usipobadilika, basi haufuati injini, unafuata tairi, na chanzo chake kiko nyuma ya gia boksi.

Mluzi unaopanda ukikanyaga mafuta na kukatika ukiachia, mimi nautafuta kwenye difu, ile nyumba ya gia katikati ya ekseli ya nyuma: kroni (gia kubwa ya duara) na pinioni (gia ndogo inayoizungusha). Ama beringi ya pinioni imelegea na inacheza, ama meno yamelika ule upande unaosukuma gari.

Hiyo "ko" na "kwi kwi" naona ni za mama mmoja: krosi ya propela, yaani kiungo cha msalaba kwenye shafti ndefu inayotoka gia boksi kwenda difu. Zima injini, zuia matairi kwa mawe, ingia chini. Shika propela upande mmoja wa krosi, mkono wa pili ushike upande mwingine, zungusha kinyume. Krosi iliyo nzima haichezi hata kidogo. Angalia pia vumbi jekundu la kutu pembeni ya vikombe vyake, hiyo ni krosi iliyokosa grisi, na ndiyo inayolia ukienda taratibu. Kwenye difu utahisi nafasi kidogo, usiogope. Meno lazima yaachiane kidogo. Wengi wanaibeba hiyo kama ugonjwa wakati ni kawaida.

Dereva wa Sirari

Fundi, heshima kwako, lakini yangu si ilipona kwa gia boksi?

Fundi Igoma

Walipofunga gia boksi walishusha propela. Hawakugusa kitu kingine?

Dereva wa Sirari

Waliweka krosi mpya zote, na oili ya difu walimwaga wakaweka nyingine.

Fundi Igoma

Basi katika vitu vitatu hatuwezi kujua kipi kilichoponya.

Mama Sengerema

Poleni na kazi. Mwenye uzi, ulimuuliza aliyekuuzia gari lilikuwa likifanya kazi gani?

Nauliza kwa sababu mimi nina Fuso, na mluzi wake niliusikia vizuri kwa mara ya kwanza juu ya daraja la Kigongo–Busisi, kama kilomita 3 za lami iliyonyooka. Kabla ya hapo kelele za barabara zilikuwa zinaufunika. Difu ilipofunguliwa, maji. Gari lilikuwa la mchanga. Huku ufukweni gari za mchanga zinarudishwa nyuma mpaka majini, nyingine zinaoshwa humo humo ziwani zikiwa bado za moto. Difu ya moto ikikutana na maji baridi, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta. Kipumulio, kile kitundu cha difu cha kupitishia hewa, kikiwa kimezama kinavuta maji, na kikiwa kimezibwa na matope, maji yanapitia kwenye sili. Oili iliyochanganyika na maji hailindi meno. Na hapo sijagusa uchafu tunaoumwaga kwenye ziwa tunalokunywa maji yake, jambo ambalo linaniuma sana.

Kijana wa Buhongwa

Naongeza la usalama, tafadhali asilipuuze mtu. Handibreki ya Canter iko nyuma ya gia boksi, inashika propela, haishiki tairi. Ukishusha propela, handibreki haipo tena, hata uivute mpaka mwisho. Gari likiwa kwenye mteremko litaondoka na wewe uko chini. Mawe mbele na nyuma ya matairi kabla hujagusa nati hata moja.

Halafu piga alama ya rangi kwenye propela na flenji zake, yale masahani inapofungwa kwa nati, kabla ya kufungua. Uma zake, zile ncha zinazoshika krosi, zisiporudi kwenye mstari wake gari litatetemeka na senta beringi inayoshika propela katikati haitadumu.

Mvuvi wa Nchi Kavu

Asanteni sana wakuu. Nyutro, klachi juu na chini: kimya. Kwa 60, namba nne na tano, mluzi ni ule ule. Krosi ya nyuma inacheza mkononi na ina kutu. Nikafungua nati ya kujazia oili ya difu, nikaingiza kidole: rangi ya chai ya maziwa. Nimempigia aliyeniuzia, amekubali kwamba lilikuwa likibeba mchanga.

Fundi Igoma

Mama Sengerema ameona mbali.

Badilisha krosi. Mwaga oili ya difu ikiwa ya moto, usafishe kipumulio. Kwenye sumaku ya nati ya chini, unga laini wa chuma ni kawaida, lakini vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole ni meno au beringi inavunjika, hapo usitembee. Jaza oili ya gia ya daraja la GL-5, uzito 80W-90 au 85W-140, mpaka ifike ukingo wa chini wa tundu la kujazia. Oili hiyo usiitie kwenye gia boksi kama haijaandikwa kwamba inafaa, kwa sababu baadhi ya GL-5 zinakula ringi za shaba za kuingizia gia. Humo weka GL-4.

Mvuvi wa Nchi Kavu

Mrejesho. Krosi imefungwa, "ko" na "kwi kwi" zimekwisha kabisa. Kwenye sumaku ni unga tu, hakuna vipande. Mluzi umepungua lakini upo. Flenji ya pinioni nikiitikisa juu na chini inacheza kidogo. Fundi wa Nyakato anasema atakaza nati ya pinioni, yatakuwa yamekwisha.

Fundi Igoma

Usimruhusu. Flenji ikicheza juu na chini, beringi za pinioni zimekwisha, na ukizikaza hivyo hivyo zitaungua njiani. Difu ishushwe, beringi na sili ziwe mpya, mkazo upimwe. Kisha wapake rangi meno ya kroni na kuizungusha: alama ikae katikati ya jino. Kama meno yameshalika, kroni na pinioni hununuliwa pamoja, na uhesabu meno ya zote mbili yalingane na ya zamani. Mpaka hapo usipakie mzigo wa Magu. Wakishusha difu, weka picha ya meno hapa kabla hujalipa chochote.

Mvuvi wa Nchi Kavu

Sawa mzee wangu. Jumamosi naipeleka.