Wakuu, deki ya mbao imenishinda na Jumamosi kuna ugeni

Bwana Patasi
Habari za jioni wakuu. Niko Lushoto, baridi linapenya mpaka kwenye mifupa. Nyuma ya nyumba kuna deki ya mbao inayotazama bonde, kama mita tano kwa nne, saipresi ya Shume, ina zaidi ya miaka kumi na tano. Imekuwa nyeusi tii. Nimekodi mashine ya msasa, lakini kila karatasi linaziba ndani ya dakika mbili kama limechovywa kwenye lami. Nimeshamaliza kumi na nne. Vanishi ninayo tayari, galoni mbili. Swali ni moja tu: msasa namba ngapi? Leo Jumanne. Kejeli pelekeni kwenye nyuzi nyingine.

Chura Kiziwi
Deki si unapiga kwa tambara na maji ya ndoo? Mimi napiga kila asubuhi na sijawahi kukodi mashine.

Bwana Patasi
Mkuu sitanii. Ni sakafu ya mbao ya nje, imenyanyuliwa juu ya nguzo.

Mama Wawili
Sema baraza basi, mwanangu. Bibi yangu Pangani alikuwa na baraza la saruji nyekundu, tukilisugua kwa kifuu cha nazi kila Ijumaa mpaka unajiona uso. Hakukuwa na mashine wala vanishi. Halafu mbona unahangaika peke yako, mwenzio yuko wapi?

Msukuma Toroli
Anza na 60, malizia na 80, basi. Ukilainisha zaidi ya hapo mbao ya nje haitanyonya mafuta. Vichwa vya misumari vizamishe kwanza, vinachana karatasi. Na fuata nyuzi za mbao, usikate mkingamo.

Seremala Mstaafu
Kijana, saipresi ya miaka hiyo haitoi lami. Utomvu wake ulishakauka zamani. Hiyo mbao imepakwa kitu. Kitu gani?

Bwana Patasi
Uchafu wa kawaida mkuu, mvua na ukungu. @Msukuma Toroli ubarikiwe, kesho natafuta 60.

Seremala Mstaafu
Sijajibiwa. Dondosha maji hapo ulipokwisha kupiga msasa, subiri dakika tano, uje useme.

Bwana Patasi
Nimedondosha. Yamesimama kama yako juu ya jani la mgimbi.
Sawa. Ilipakwa oili chafu, ya magari, kwa ajili ya mchwa. Lakini nani hapaki? Nusu ya mapaa ya nchi hii yamepakwa. Na jana nilijaribu vanishi pale mlangoni, imependeza sana. Ila mpaka leo inanata.

Seremala Mstaafu
Itanata mpaka Krismasi. Mafuta ya linsidi, yale ya kupaka mbao, yanashika hewa yanakauka, yanakuwa ngozi. Oili ya injini haikauki maisha. Ukiweka vanishi juu yake umepaka rangi juu ya samli. Na hata mbao ingekuwa safi, vanishi kwenye sakafu inayonyeshewa na kupigwa jua hupasuka, maji yakaingia chini yake, ndipo uozo unapoanzia. Rudisha hizo galoni dukani.

Msasa nao uache. Mashine inapata moto, inaiyeyusha oili na kuisukuma ndani zaidi. Chungulia kwa chini: upande wa pili wa mbao ulipakwa?

Bwana Patasi
Galoni siwezi kurudisha, moja nimeshaifungua. Nikipaka mikono mitatu je?

Baba Ubaya
Vijana wa siku hizi! Kila kitu mnafanyia wageni. Mgeni wa kweli atakaa hata juu ya gunia.

Msukuma Toroli
Mkitaja linsidi mtaje na matambara yake. Kuna mwaka tulimaliza meza, tukakunja matambara tukayarundika kwenye pipa. Usiku pipa likawaka, hakuna aliyewasha kiberiti. Yatandaze nje, au yaloweke kwenye maji.

Mpelelezi wa Nyuzi
Ngojeni kwanza. Mwezi wa tano huyu huyu alilia humu kwamba mwenye nyumba Mbagala kampandishia kodi ya chumba kimoja. Leo ana deki Lushoto inayotazama bonde? Chai hii. Subirini, sasa hivi atatokea mtu na dawa ya kutoa oili, namba ya simu chini.

Chura Kiziwi
Chai yenyewe ina tangawizi. Nani analeta vitumbua?

Mama Wawili
Na mimi nimemsimulia habari za bibi yangu!

Bwana Patasi
Si chai. Mbagala naishi kweli. Hii ni nyumba ya baba mkwe mtarajiwa. Yuko msibani Korogwe, anarudi Ijumaa, na Jumamosi mshenga wangu analeta barua. Mzee alilalamika deki inachafua nguo za wageni, nikajibu "niachie mimi, ndiyo fani yangu". Fani yangu ni gereji. Na hiyo oili, madumu mawili, nilimletea mimi mwaka jana.

Chura Kiziwi
😂😂😂

Mpelelezi wa Nyuzi
Sasa utamu umeongezeka, ndiyo maana siamini zaidi. Picha.

Seremala Mstaafu
Picha mtapewa baadaye. Ng'oa misumari taratibu usipasue ncha, geuza mbao, tumbo liangalie juu. Rudisha kwa skrubu zisizoshika kutu. Kati ya mbao na mbao acha upenyo wa unene wa msumari wa inchi nne, maji yapite. Usipake kitu chochote mpaka zikauke. Na ule unga wa msasa usiwamwagie kuku wala usiutupe shambani, una sumu ya oili.

Bwana Patasi
Kuku nilishawawekea jana.

Mama Wawili
Yesu na Maria. Kauzoe sasa hivi!

Bwana Patasi
Alhamisi, saa tisa. Banda nimelizoa. Mbao ishirini na mbili nimegeuza, chini ni nyeupe kama mpya! Zimebaki kumi na moja. Lakini mzee kapiga simu, kapata lifti, yuko Mombo.

Msukuma Toroli
Mombo! Kona za Soni zikimchelewesha sana, ni mwendo wa saa moja na nusu.

Seremala Mstaafu
Ficha vanishi. Bisibisi usiiweke chini.