Naomba ushauri: natafuta karatasi za nkambo aliyefanya kazi Union Minière

Wapendwa, jambo. Niko Lubumbashi, natafuta habari za nkambo, baba yake baba. Aliletwa kutoka Rwanda akiwa kijana, miaka ya 1920, wakati Union Minière, kampuni ya Wabelgiji ya kuchimba shaba huku Katanga, ilipokuwa ikichukua wafanyakazi Ruanda-Urundi. Enzi hizo mji huu ungali Elisabethville. Alifia kwenye kambi ya wafanyakazi wa kampuni, kabla ya uhuru.

Nilicho nacho ni buku yake ya kazi, imeliwa na mchwa nusu. Namba ya matrikula, yaani namba yake ya mfanyakazi, inasomeka, lakini jina limeandikwa kwa namna mbili, kila karani na sikio lake. Kijiji hakionekani kabisa. Shangazi anasema alibatizwa huku huku, ila parokia haikumbuki.

Nimeshazunguka ofisi moja ya hapa mara tatu. Kila mara naambiwa nirudi kesho. Nasikia nyaraka za kampuni ziko Brussels, kwenye Hifadhi ya Taifa ya Ubelgiji.

Aliyewahi kuwaandikia anisaidie: wanaweza kutafuta kwa matrikula peke yake, bila tarehe ya kuzaliwa? Na daftari za ubatizo za makambi ya zamani, niulize parokia moja moja au nianzie askofuni?

Asanteni sana.