TUPEANE UZOEFU: Pwani ya kwenu imebadilika vipi, na nyie wenyewe mlifanya nini?

Mtoto wa Ghuba:
Assalaam alaykum wanajamvi. Juzi nlikwenda kwetu upande wa ghuba ya Chwaka, Unguja, baada ya miaka sita sijafika, nikashuka pwani na shemeji yangu maji yamekupwa, nikamuuliza majani yako wapi? Maana mie utotoni ukishuka pale mguu unazama kwenye majani mpaka kifundoni, vitoto vya tasi vinakukimbilia mbele kama vifaranga. Sasa ni mchanga mtupu, umechorwa michirizi utasema pamepita jembe la ng'ombe. Shemeji akanambia hiyo ndo njia ya juya, ule wavu mkubwa wa kukokota, likikokotwa linang'oa kila lilokuwepo, na samaki wachanga ndo walikuwa wanajificha humo humo.

Sasa jamani sitaki tuje hapa kulaumu serikali kurasa kumi. Kila mtu aseme alichokiona kwao kwa macho yake, na kama mlijaribu kitu hata kikafeli, leta. Naanza mie: sisi hatukufanya kitu. Tuliuza kiwanja cha ufukweni tukahamia mjini.

Bi Kamba:
Waalaykum salaam. Mie wa Paje, huku huku Unguja. Mama yangu alianza mwani ulipoingia tu, ile 1989, mbegu ilitoka Ufilipino. Kulikuwa na aina mbili, kotonii na spinozam, kotonii ndo yenye bei, na ndo iliyotusomesha sisi wote saba. Siku hizi kotonii kwenye maji madogo haikubali tena. Siku za bamvua, mwezi mpevu au mwandamo, maji yanakupwa saa nne saa tano, jua lishakuwa kali, wakati wa kaskazi ukitia mkono kwenye dimbwi unauvuta, maji moto kama ya kumuogesha mtoto. Mwani unaanza kuwa mweupe kwenye vifundo, ukiugusa unakatika wenyewe, unarudi nyumbani na kamba tupu. Tumebaki na spinozam, inastahamili lakini bei yake ukiambiwa utacheka.

Ila nami niseme ukweli maana umesema tuseme ukweli. Majani anayoyalilia kaka hapo juu, sisi wenyewe wa mwani tuliyang'oa kwa mikono ili tupate pa kupanda. Na vijiti vya kufungia kamba tulikata kwenye mikoko. Hatukujua. Au tulijua nusu. Wenzetu wengine sasa wanapanda kwenye kina kirefu kwa nyavu za mviringo kama mabomba, maji ni baridi huko na kotonii inakuja vizuri, lakini lazima uwe na mashua na ujue kuogelea, na wengi wetu wanawake hatujui. Mie na miaka yangu hii hamsini kasoro ndo najifunza kuogelea, wajukuu wananicheka 😂

Hori la Micheweni:
Bi Kamba Mungu akuzidishie, endelea kuogelea hivo hivo.

Sisi Pemba hadithi yetu ni mikoko. Kwetu kulikuwa na hori, mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, mikoko imefunga pande zote mbili, mwisho wake ndo mabonde ya mpunga. Watu wakakata boriti, wakakata kuni za tanuu la chokaa, mwisho ukisimama kwenye bonde unaiona bahari. Bahari ikaja kweli, maji ya chumvi yanaingia mpungani kila bamvua kubwa, mpunga unageuka rangi ya karatasi ya zamani. Bibi yangu alionja tope kwa ulimi akasema hapa basi tena.

Tukaunda kikundi tukapanda. Mwaka wa kwanza tulitia kama miche elfu mbili ya mkoko, zile mbegu ndefu kama kalamu unachomeka tu kwenye tope, rahisi, tukapiga picha tukafurahi. Baada ya miezi minane imebaki haifiki mia. Kumbe tulichomeka mkoko pahala pa mchu! Alotufungua macho ni mzee mmoja mkata boriti, adui yetu sisi wenye kikundi 😀 akatwambia nyie mnapanda kama mnapanda mihogo, kila mti una pahala pake, mlilana unakaa mbele baharini, mkoko kwenye tope linaloingia maji kila siku, mkandaa nyuma yake, mchu unastahamili hata pakavu pa juu penye chumvi nyingi. Yeye kakata maisha yake yote ndo anajua kila mti ulikuwa wapi.

Kisha akatuonesha kitu kikubwa zaidi. Sehemu moja hata ungepanda mara mia isingeota, kwa sababu ilipitishwa barabara bila kalvati, maji hayaingii wala hayatoki. Tulikwenda kwa sheha, tukazungushwa karibu mwaka na nusu, mwisho likawekwa bomba. Pale hatukupanda hata mche mmoja, mbegu zimeletwa na maji zenyewe, leo mikandaa imenipita kiunoni. Mpunga bado haujarudi, nisiwadanganye.

Dago la Kusi:
Naona juya linatukanwa tu hapa. Mie ni mvuvi, nimetembea madago, kambi za wavuvi, toka nna miaka kumi na tano. Nasema wazi, juya nimelikokota. Mnajua bei ya mashine ya boti? Ukikodi chombo cha mtu, ukagawana na watu ishirini, ukirudi na mitego miwili tu ya dema yenye changu mkeo atakuelewa?

Lakini nitawapa kisa. Kisiwa cha Misali, Pemba, kilipofanywa hifadhi mwaka 1998 wazee wetu walinuna sana, mana kile kisiwa ni dago letu toka mababu, na wazee wanasema Nabii Hadhara alikitumia kama msala wa kuswalia, kimeelekea kibla. Boti ya doria ilipokuja tulikuwa tunazima taa tunaipisha, inaondoka tunaendelea. Alotugusa ni masheikh waloanza kusema msikitini, ile aya ya Surat Rum, ufisadi umedhihiri bara na baharini kwa yaliyofanywa na mikono ya watu. Babu yangu alitoka Ijumaa ile kimya, njia nzima hasemi. Hakwenda tena upande ulofungwa. Mie nilikwenda mara mbili, nisamehewe.

Kijana wa Mkunazini:
Mjini je? Mnaogelea nyinyi pale mbele ya Mji Mkongwe? Sisi tulikuwa tunajirusha ukutani kila Jumapili. Mdogo wangu masikio yalimtoka usaha wiki tatu, daktari akamuuliza swali moja tu, unaogelea wapi. Bomba la maji machafu lile pale linatapika baharini, mvua za masika zikinyesha ndo balaa. Miamba ya karibu imevaa ukoga wa kijani. Kisiwa cha Chumbe si mbali, na matumbawe yake yamelindwa toka miaka ya tisini, ukipiga mbizi kule ukarudi huku unaona kama bahari mbili.

Mama Usumba:
Mie fupi. Tunafukia makumbi ya nazi kwenye tope la pwani, miezi kadhaa yanaoza, tunafukua tunapiga tupate usumba, nyuzi za kusokotea kamba. Mwaka huu nimefukua shimo langu, juu ya makumbi zimejaa pampasi. Mifuko ya plastiki wamepiga marufuku zamani, 2006 kama sikosei, sawa, pampasi je? Zinavimba zinakuwa kama mto wa kulalia. Shoga yangu kaacha kazi ile.

Mtoto wa Ghuba:
Daah Mama Usumba. Kuna mtu wa kusini Pemba aliahidi kuleta habari za pweza?

Mwamba Umefungwa:
Ndo mie, samahani chaji. Tulisikia Kisiwa Panza wanafunga mwamba wa pweza miezi mitatu, hakuna kuvua, tukaiga. Ukimfikiria pweza inaingia akilini, haishi sana, mwaka na kitu basi, ila anakua haraka ajabu, na jike akishataga hali kitu, analinda mayai yake mpaka yaanguliwe kisha anakufa. Ukimtoa kabla umetoa na watoto.

Siku ya kufungua mara ya kwanza tulipata wa kilo tatu, nne, tulizoea vya nusu kilo. Lakini tulikosea, tulitangaza siku, vijiji vitatu vikaja, mwamba ukafagiliwa siku mbili, na mnunuzi alikuwa mmoja akashusha bei anavotaka. Awamu ya pili tulialika wanunuzi watatu mapema, na akina mama wanaochokoa kwa miguu wakapewa siku ya mwanzo kabla ya wapiga mbizi. Hilo liligombaniwa sana kwenye kamati mpaka kiti kikavunjika.

Na tuliibiwa. Usiku, kwa taa. Tulipomkamata ni mtoto wa mjumbe wa kamati.

Dago la Kusi:
Mkamfanya nini?

Mwamba Umefungwa:
Alitozwa faini, baba yake ndo alosoma hukumu. Sasa yeye ndo analala kwenye ngalawa ya doria, kila kona ya wizi anaijua. Mkewe ndo analalamika.

Bi Kamba:
Mpe pole mkewe 😂 Na hiyo siku ya akina mama ni lini, nataka kuja na bint yangu tuone mnavopanga.