Barabara za ndani wakati wa masika: tupeane uzoefu

Boda_Mwakirunge: Leo kandambili imebaki matopeni, nikakumbuka mwaka ule greda ililetwa siku mbili kabla ya mvua. Ikakwangua, ikamwagwa murramu kavu, ule udongo wa changarawe wa barabara, ikaenda zake. Rola hatukuiona, gari la maji hatukuliona. Mvua ya kwanza tu, murramu yote i shambani kwa watu. Nanyi semeni yenu.

Mama Madafu: Kwetu nako ilipita. Na mtaro ikaufukia.

Fundi_Jomvu: Njia yataka mgongo, maji yashuke kando. Ikiwa bapa kama sinia, hata umwage kifusi cha machimbo yote ya Bamburi, kazi bure.

TuktukJunda: Wapi! Malori ya mchanga ndiyo yatumalizayo.

Binti_Kashani: Nyie mwasema mitaro, mie kalvati, lile bomba la maji chini ya njia, liliniharibia harusi. Mwezi wa tano, limejaa mifuko na makuti, maji yakapita juu yakala tuta upande mmoja. Gari likafika hapo, dereva akakataa katakata. Ng'ambo ngoma yalia, mie huku na hina mpaka magotini. Tukangoja hadi magharibi. Ukaletwa mkokoteni, gurudumu likazama, nikaserereka kama gunia la nazi. Ndipo shemeji akachutama: "Panda." Maji kiunoni kwake, buibui langu laburura, shangazi zangu nyuma hawajui wapige vigelegele au walie. Kiatu kimoja kilikwenda na maji. Na kesho yake vijana wawili wakalizibua kwa jembe, nusu saa. Nusu saa wallahi!

TuktukJunda: Shemeji yupi huyo? Na bwana harusi alikuwa wapi?

Boda_Mwakirunge: 😂😂 Jibu dada

Binti_Kashani: Mume wa dadangu, mtu mzima. Ulizeni kalvati!

Msemakweli: Tusizibue. Kila lita ya petroli nakatwa Sh25 ya kutengeneza barabara, kisha nishike jembe?

Fundi_Jomvu: Basi kaa na lita zako. Maji hayangoji bajeti. Mwezi wa pili, kabla ya masika, kila nyumba isafishe mtaro wa mbele yake.

Mama Madafu: Isafishe, taka imwage kwa jirani. Twajuana. Tulichanga mia mia za kifusi, mshika daftari akahama mtaa.

Msemakweli: Si nilisema?

Fundi_Jomvu: Hukusema hilo, wewe ulisema petroli.

TuktukJunda: Binti, kiatu kilikuwa cha rangi gani? Kuna kimoja cha dhahabu huku kuku atagia.