Wiki sita za kiangazi na watoto wadogo: tunapumuaje?

Kutoka Reading

Ndugu zangu, hamjambo. Shule za huku Reading, England, zinafungwa mwishoni mwa Julai, nami nina mtoto wa miaka 5 na mwingine wa miaka 3. Mume wangu huondoka saa kumi na mbili asubuhi, na mimi hufanya zamu za usiku katika nyumba ya kutunzia wazee. Mwaka jana, ilipofika wiki ya tatu ya likizo, nilikuwa nikilia jikoni huku nimefungua bomba ili wanangu wasinisikie. Sitaki kiangazi hiki kipite vivyo hivyo. Naomba mnieleze ninyi mnafanyaje.

Kutoka Lewisham, London

Dada yangu, pole sana. Kwanza nakuomba uondoe moyoni dhana kwamba wewe ni mama dhaifu. Nilipokuwa mtoto Tanga, likizo haikuwa kazi ya mama yangu peke yake: tulitoka asubuhi, tukala mchana katika nyumba yoyote njaa ilipotukuta, tukakemewa na majirani, na magharibi tukakusanywa na bibi. Hapa bibi tunamwona kwenye simu tu, na kazi ile ya watu saba unaifanya wewe ambaye hujalala tangu jana. Ndiyo maana ningekushauri utafute watu wazima wa kugawana nao siku kabla ya kutafuta michezo ya kuwashughulisha watoto.

Sisi tuko familia nne, na kila moja huchukua asubuhi moja ya wiki, kuanzia saa tatu hadi saa saba mchana. Mwaka wa kwanza tuliacha mambo yajiendee, na mmoja wetu mwenye bustani akajikuta analea watoto wa wote karibu kila siku, akanyamaza, kisha akaacha kupokea simu zetu. Nasikitika mpaka leo kwamba hatukuliona mapema. Sasa tunakutana mwanzoni mwa Julai na kuandika zamu. Tunaambiana nani hali karanga na nani bado anavaa nepi, na tunakubaliana kwamba watoto wakipigana, mwenye zamu ndiye atakayewakanya, na mzazi hatanuna. Jambo moja la sheria ulijue: hapa England, ukilipwa fedha kutunza nyumbani kwako mtoto wa mtu mwingine aliye chini ya miaka 8, kwa zaidi ya saa 2 kwa siku, unatakiwa kusajiliwa na Ofsted, idara ya serikali inayokagua shule na walezi wa watoto. Marafiki wanaopokezana watoto bila malipo hawamo katika sharti hilo, kwa hiyo msilipane hata kidogo. Chungu cha pilau kinatosha.

La pili ni usingizi, wako na wao. Likizo inapoanza, jua la London huzama karibu saa tatu usiku na kuchomoza saa kumi na moja na robo alfajiri, na mtoto wa miaka 3 hawezi kusadiki kwamba ni usiku wakati anaona mwanga dirishani. Nunua mapazia mazito meusi kabla ya kununua kitu cha kuchezea. Mchana nao, baada ya chakula, nyumba yetu hunyamaza kwa saa moja na nusu, kama Pwani wakati jua ni kali: asiyetaka kulala hutazama vitabu kitandani, nami hujilaza. Mwanzoni walipinga kwa siku nne hivi, kisha wakazoea. Siku za joto kali tulizoea kufungua madirisha yote kama nyumbani, na tukawa tunaingiza moto ndani, kwa kuwa nyumba hizi za matofali zimejengwa kuhifadhi joto. Julai 2022, joto lilipovuka nyuzi 40 nchini kwa mara ya kwanza kurekodiwa, ndipo tulipojifunza kufunga madirisha na mapazia upande wa jua mchana, na kufungua usiku.

Kuhusu matembezi sina mengi. Jumba la makumbusho la Horniman na bustani zake hazina kiingilio, na kwenye mabasi ya London watoto walio chini ya miaka 11 hawalipi nauli. Mahali pamoja kwa siku panatosha.

Kutoka Leicester

Shemeji, nami niongeze kidogo, kwa kuwa huku kwetu shule hufungwa mapema kuliko kwenu. Halmashauri huendesha mpango wa likizo wa michezo na chakula, usio na malipo, kwa wanafunzi wanaopata chakula cha shule kutokana na kipato kidogo cha wazazi. Wengi hukosea hapa: mwanao wa miaka 5 tayari anakula bure shuleni kwa sababu watoto wote wa madarasa ya mwanzo hupewa, lakini hilo peke yake halimwingizi kwenye mpango. Ni lazima uombe kwa msingi wa kipato, na nafasi hujaa upesi. Pia mwambie mume wako aulize kazini kuhusu likizo ya mzazi isiyo na mshahara. Sheria inaruhusu wiki 18 kwa kila mtoto hadi afikishe miaka 18, zisizozidi 4 kwa mwaka kwa kila mtoto. Mimi nilichukua wiki mbili Agosti iliyopita. Tulibana matumizi mwezi mzima, lakini mke wangu alilala.

Kutoka Reading

Nawashukuru sana, dada na shemeji. Leo nimemsimamisha mama mmoja wa Bukoba ambaye tumekuwa tukisalimiana tu langoni pa shule tangu Septemba. Naye ana wawili, naye hufanya usiku. Tumeanza na Jumanne na Alhamisi, na mapazia nimeshayaagiza.